Ni Mkono wa Nani Ulioshona Blanketi Langu?

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo ambalo huenda nikalijutia, kwa maana siku ya soko la Sosiot inakaribia na ushahidi wangu nimeshaupanga kwenye kapu.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mke mwenye furaha, au nilikuwa, sijui tena niseme vipi. Bwana yangu, nitamwita Bogonko ingawa silo jina lake, ni karani wa mizani katika shamba moja la chai huku Kericho, na sijaona mwanamume mwingine anayevaa koti la mvua akapendeza kama yeye. Tulifunga ndoa mwaka huu. Nilipotoka shule ya bweni wenzangu walinicheka, wakasema msichana aliyesoma hadi sekondari atawezaje kukaa nyumba za kampuni, na moshi na matope, lakini mimi naamka asubuhi naona ukungu umelala juu ya majani chai nadhani umetandikwa kwa ajili yetu wawili, na nikimsikia anapiga mluzi akirudi kutoka kazini moyo wangu unatangulia kufungua mlango kabla mkono haujafika.

Lakini baridi ya huku, Mshauri, haijali mapenzi. Mvua hunyesha kila alasiri, mara nyingine ya mawe, na blanketi tulilopewa siku ya arusi ni moja na ni jembamba. Ndipo nikaamua kutushonea la matambara, kubwa, la kutufunika wote wawili hadi masikioni.

Njia yenyewe nilifunzwa katika chama cha akina mama, nayo ni rahisi kuliko ile ya zamani. Zamani ulikuwa unaunganisha vipande vyote kwanza, kisha unatandaza bitana chini ya vyote, halafu unashona tena uzito wote ule ukiwa magotini, na ukimaliza umezeeka. Sasa kila kipande kinakamilika peke yake. Unakata miraba kwa kipimo cha karatasi ngumu ya boksi, unaweka kitambaa juu na kitambaa chini, katikati unatia kipande cha blanketi kuukuu, unashona msalaba kutoka pembe hadi pembe, basi, hicho kimekwisha na unaweza kukiweka kando ukapike. Baadaye unaunganisha miraba, lakini mishono unaitokeza juu, pale wengine wanapoficha, na ile pindo iliyobaki unaikatakata kwa makasi bila kugusa uzi. Ukifua na kukung'uta, nyuzi zinafumuka laini kama manyoya ya kifaranga. Ni zuri mno. Nililipenda kabla sijalianza.

Matambara mengine yalitoka kwenye nguo zangu za shule. Mengi zaidi yalitoka kwa baba mkwe, ambaye ni fundi wa nguo kwenye baraza ya duka moja pale Sosiot. Huyo mzee sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu ya mbali, maana sisi ni Wakisii na wewe labda unajua heshima yetu, baba mkwe hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, na nikipita pale Sosiot yeye huinamisha kichwa juu ya kazi yake hadi nipite, nami hutazama upande wa pili kana kwamba nimeona ng'ombe mzuri. Kwa hiyo Bogonko alipomwomba mabaki ya vitambaa alimwambia ni ya kusafishia taa. Huwezi kumwambia baba mkwe kwamba unashona cha kitandani.

Nilianza kushona. Tabaka tatu kwa sindano ya mkono si mchezo, na blanketi kuukuu ni gumu kama ngozi, nikajichoma vidole vyote. Jioni moja Bogonko akavishika akavibusu kimoja kimoja. Akasema, "Mellen, vidole hivi si vya kuchomwa. Lazima iko njia ya haraka."

Nikamwambia, "Hii ndiyo ya haraka."

"Basi iko ya haraka kuliko ya haraka," akasema, na mimi mjinga nikaona ni maneno matamu.

Baada ya hapo, Mshauri, miraba yangu ilianza kutembea. Naikata, naipanga tabaka tatu tatu, naiweka kwenye kapu, na nikirudi kutoka kisimani naona kapu limepungua. Nilidhani ni panya. Lakini panya hachukui tabaka tatu zikiwa zimepangwa. Halafu siku nyingine narudi nakuta kapu limejaa tena, na miraba imeshonwa. Imeshonwa, nasema, msalaba kamili kutoka pembe hadi pembe, mshono mdogo, ulionyooka, wa mashine. Mimi sina mashine. Na uzi ulikuwa wa buluu, na mimi nina uzi mweupe tu.

Nilimwonyesha Bogonko. "Nani alishona hivi?"

"Si wewe?" akasema. "Umesahau. Mapenzi yamekuharibu kichwa."

Nikacheka naye, kwa sababu akicheka nami hucheka, lakini tangu hapo nikaanza kuchunguza. Kila mraba unaorudi naupeleka dirishani. Mmoja ulikuwa na doa la mafuta, na si mafuta ya kupikia, nimeyanusa, ni mepesi na yana harufu ya dukani, nikajua ni mafuta ya nywele. Nywele za nani? Mwingine ulikuwa na unga mweupe umepakwa kwa mstari, nikaugusa ukabaki kidoleni, nikajua ni poda. Basi nikamwona huyo mwanamke kana kwamba amesimama mbele yangu, nywele zinang'aa, uso umepakwa poda, ana cherehani yake mwenyewe, amekaa anashona blanketi ambalo mimi nitalala chini yake na bwana yangu. Tulifundishwa shuleni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kinaweza kushonwa ndani yake.

Bado nilijizuia. Aliyenimaliza ni jirani yangu Tecla. Yeye ni Mkipsigis, mke wa nyapara, na ni rafiki wa kweli, tangu nilipofika hapa ananiita Pipi Arusi, kwa sababu ulimi wake unachanganya, hata mtoto wake yeye humwita "mdodo", na Bogonko hupenda sana jina hilo la Pipi, anasema Tecla amekosea akapatia, kweli alioa peremende. Sasa juzi Tecla akanijia mtoto akiwa mgongoni, hakukaa.

"Pipi Arusi," akasema, "mimi sipendi fitina, lakini nimeona. Pwana yako nimekuda njia ya Sosiot na paiskeli, na kifurushi ndani ya koti. Nikauliza, unapepa nini? Akasema ni kazi ya mke wangu, napelekea dada anishonee, yeye ana mashine. Lakini mama, usimwambie Mellen, ni aipu kubwa akijua."

Nikamuuliza, "Alisema dada? Una hakika?"

"Masikio yangu ni mawili na yote yalikuwa yamefunguka. Dada."

Mshauri, Bogonko hana dada. Mama yake alizaa wavulana watupu, watu hata humtania kwamba hana wa kumletea ng'ombe. Na ukisikia mwanamume asiye na dada anasema "dada", wewe ni mtu mzima, unajua anamaanisha nini.

Jioni nilimwekea chai. Nikamuuliza polepole, "Dada yako hajambo?"

"Dada gani? Kwetu si unajua ni wavulana."

"Basi mishono hii inatoka wapi?"

Aliweka kikombe chini. Hakunitazama, alitazama mlango, kisha akasema, "Mellen, kuna mambo tukiyataja hapa ndani tutakuwa tumekosa heshima. Wewe unganisha blanketi. Likiisha tutalala joto."

Tutalala joto. Joto la mkono wa nani?

Sasa siwezi kulishona wala kulitupa. Nikishika mkasi naona kila uzi wa buluu unanicheka. Nimeamua siku ya soko niende Sosiot na kapu langu, nitandaze miraba yote chini mbele ya mafundi wote wa barazani, pamoja na baba mkwe, kwa maana fundi hutambua mshono wa mwenzake, na nitamwomba mtu amuulize mzee kwa niaba yangu, kwa sauti, watu wote wasikie, mshono huu ni wa mwanamke gani. Akishatajwa nitarudi nyumbani nifunge sanduku langu niende kwa wazazi wangu, ingawa nikifikiria ule mluzi wa jioni ukifika mlangoni bila mtu wa kufungua, machozi yananitoka hata sasa, utaona wino umeenea hapa.

Niambie ukweli, hata kama unauma. Je, niende soko?

Wako katika mashaka,
Mellen (si jina langu), Kericho

JIBU

Mellen,

Usiende soko. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua kutokana na barua yako: ukifika katikati ya jibu langu utakuwa umeshavaa viatu. Vua, ukae, usome hadi mwisho.

Nakuhurumia. Wewe ni mke mpya, uko mbali na mama yako, mvua inanyesha, na kitu ulichokipenda kinaguswa na mkono usioujua. Mtu yeyote angeumia. Lakini umeniandikia kila kitu isipokuwa akili uliyopewa shuleni, hiyo naona uliiacha bwenini.

Tuanze na ushahidi wako wa dirishani. Mafuta mepesi, yenye harufu ya dukani, kwenye kitambaa kilichopita chini ya sindano ya mashine. Na wewe ukaona nywele. Binti yangu, cherehani nayo hupakwa mafuta, tena ikipakwa mengi hutema kwenye kazi, muulize fundi yeyote. Unga mweupe uliopakwa kwa mstari. Mwanamke gani hujipaka poda kwa mstari? Hiyo ni chaki ya fundi, ndiyo anayoongozea mshono usipinde kutoka pembe hadi pembe. Uliweka mafuta na chaki pamoja, ukaumba mwanamke mrembo, ukamchukia. Mimi nikiweka mafuta na chaki pamoja napata fundi wa nguo. Nawe katika barua nzima umenitajia fundi mmoja tu aliye wa kwenu.

Utasema, lakini Tecla alisikia. Tecla alisikia vizuri, wala usimnunie, maana alikuja kwako kwa urafiki. Mimi si Mkisii, lakini nililelewa kwenye mashamba hayo hayo ya chai, baba yangu akiwa na duka, na watoto wa Kisii tuliocheza nao walipoitwa nyumbani walikuwa na neno moja la kumwitia baba yao. Wewe unalijua kuliko mimi. Bogonko akizungumza Kiswahili na jirani njiani, akimtaja baba yake, unadhani atasema nini kwa haraka? Atasema tata. Ametoka nalo utotoni. Na Tecla, ambaye bibi kwake ni pipi na mtoto ni mdodo, akilichukua neno hilo akuletee mlangoni pako, litafika likiwa dada. Unamcheka kila siku kwa jina la Pipi Arusi, mume wako analifurahia, halafu siku moja unachukua neno lake herufi kwa herufi na kutaka kuvunja nalo ndoa. Kwa Kiswahili tata ni uzi uliojifunga fundo. Kwa Kikisii ni baba. Wewe umeshika fundo ukamwacha baba.

Sasa jiulize kwa nini alificha, na kwa nini alitazama mlango. Umeniambia mwenyewe. Mzee huyo hawezi kukanyaga nyumba yenu. Huwezi hata kumtajia kwamba matambara yake yatafika kitandani, ikabidi taa zisingiziwe. Basi Bogonko aliona vidole vyako vinatoka damu, hana pesa ya cherehani, na mtu pekee duniani mwenye cherehani atakayemshonea kwa upendo ni yule ambaye kwa mila yenu hapaswi kugusa kitu hicho. Akabeba miraba ndani ya koti. Sijui alimwambia mzee ni ya nini, labda mito ya viti. Sijui kama mzee aliamini, wazee huamini wanachotaka. Lakini alipokwambia kuna mambo mkiyataja ndani ya nyumba mtakosa heshima, hakuwa anakuficha aibu ya mwanamke. Alikuwa anailinda heshima yenu na ya baba yake, tena kwa shida, maana upande mmoja kuna mila na upande wa pili kuna vidole vyako.

Na wewe ulitaka kwenda sokoni, kutandaza kifuniko cha kitanda chako mbele ya baba mkwe, na kumlazimisha aseme mbele ya watu wote kwamba mshono huo ni wake. Fikiria hapo kidogo. Mzee angefunga cherehani yake siku hiyo na asirudi tena kwenye baraza ile. Bogonko asingekuwa na uso wa kupita Sosiot. Na hilo sanduku lako usingelifunga wewe, lingefungwa na wakwe.

Mimi sikuwepo njiani, siwezi kuapa. Kwa hiyo nakupa njia ya kuhakikisha isiyomvunjia mtu heshima. Bogonko akirudi, mwekee chai kama siku ile, usitaje blanketi, usitaje uzi wa buluu. Muulize tu, kwa neno la lugha yenu, "Tata hajambo?" Kisha unyamaze umtazame usoni. Ikiwa nimekosea, utaona mtu anayejibu salamu ya kawaida, na hapo niandikie tena, nitakuwa mkali kwa upande wa pili. Ikiwa sijakosea, utaona mwanamume ambaye mzigo umemtoka mabegani. Akitaka kueleza, mzuie. Sema, "Nimeelewa." Neno hilo moja linatosha, na heshima yenu itakuwa haijavunjwa ndani ya nyumba.

Baada ya hapo una kazi mbili za sindano.

Ya kwanza ni ya kitanda chenu, nayo uishone wewe mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa lako lilikuwa kutia blanketi kuukuu katikati na kulisukuma kwa vidole vitupu. Njia uliyofunzwa ni ya haraka, lakini inataka kitu chepesi ndani: tumia shuka kuukuu au flaneli iliyofuliwa hadi ikalainika, sindano itapita kama kwenye mkate. Vaa kidoleni ile kofia ya chuma ya mafundi. Shona msalaba wa mraba mmoja huku maharagwe yakichemka, uweke, kesho mwingine. Ukiwa na haraka, mwombe Tecla akusaidie kukatakata zile pindo. Atakayelala chini yake ni wewe na Bogonko, basi mkono mwingine usiingie tena katikati, hata wa upendo.

Ya pili ni ile miraba ya uzi wa buluu. Usiifumue. Iunganishe yote, mishono juu kama ulivyofunzwa, ikatekate, ifue, ikung'ute hadi ifumuke. Haitatosha kitanda, na ni vizuri isitoshe. Mpe Bogonko ampelekee baba yake, kwa ajili ya magoti, maana baraza za Sosiot hupigwa na mvua ya kila alasiri, na mzee anayekanyaga cherehani magoti yake huwa ya kwanza kupata baridi. Hapo kitu kitakuwa kimeacha kuwa cha kitandani. Kitakuwa cha barazani, mbele ya watu, na hakuna mila inayomkataza mzee kushona kifuniko chake mwenyewe. Uongo wa taa na wa mito utakuwa umekwisha bila mtu kuukiri.

Halafu siku ya soko nenda, sasa nakuruhusu. Beba kapu lako la kununulia mboga. Ukipita kwenye ile baraza, mzee atainamisha kichwa kama kawaida, nawe tazama ng'ombe wako. Usigeuke kuangalia magoti yake. Utajua tu.

Mshauri wako